Mshindi wa mbio za hatua hatafutwi kwenye mkeka wa kubeti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo kuhusu utabiri wa mbio kubwa za baiskeli, maana naona wasomaji wanapunjwa. Kila Julai inapokaribia, kurasa zetu za michezo huipa Tour de France aya tatu: jina la bingwa mtetezi, picha yake akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza, kisha odi za kampuni za kubeti. Basi. Hatua 21, yaani siku 21 za mbio, milima ya Alps na Pyrenees, upepo wa pembeni, mbio dhidi ya saa ambako mtu hukimbia peke yake akipimwa muda, timu 23 zenye watu wanane wanane, vyote vinamezwa na tarakimu moja ya odi, na msomaji anaambiwa huo ndio utabiri.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Shinyanga mjini. Kwetu baiskeli inabeba mkaa, maji, magunia ya mpunga na hata mgonjwa anayepelekwa zahanati, na kila anayekaa kwenye benchi langu akisubiri pancha izibwe ana maoni yake kuhusu nani anaweza kupanda mlima na nani atakata pumzi. Vijana wanaoshinda kijiweni hapa wanamjua Pogačar wa Slovenia, wanamjua mpinzani wake Vingegaard wa Denmark, na picha za mbio wanazipata kwenye simu kabla mimi sijawasha king'amuzi. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha namna ya kupiga hesabu yenyewe. Matokeo yake wanazichukulia mbio za wiki tatu kama mechi ya dakika 90: fulani ana nguvu, fulani atashinda, weka hela.

Mbio za hatua haziendi hivyo. Mshindi wa jumla ni yule ambaye muda wake wa siku zote, ukiujumlisha na kuondoa sekunde za bonasi, ni mdogo kuliko wa wengine wote. Anaweza asishinde hata hatua moja. Mmarekani Greg LeMond alichukua Tour ya 1990 kwa njia hiyo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kufundwa mbio hizi kule Kikuyu na David Kinjah, alichukua ya 2017 bila kuwa wa kwanza siku yoyote, akamwacha Rigoberto Urán kwa sekunde 54 baada ya wiki tatu. Aliyekuwa akisoma majina ya washindi wa kila siku gazetini asingeelewa kabisa jezi ya njano imefikaje mgongoni kwa Froome.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri anaanza na ramani, majina baadaye. Ratiba ikitoka naihamishia kwenye daftari, hatua moja mstari mmoja. Kilomita za kukimbia dhidi ya saa ni ngapi, na zimewekwa siku gani? Mlima wa mwisho unaishia kileleni, au baada ya kilele kuna mteremko na tambarare ndefu ambako kundi litamkamata aliyechomoka? Siku ngumu zinafuatana, au kuna mapumziko katikati? Njia ikipita mahali pa wazi penye upepo, timu gani ina watu wazito wa kulikata kundi vipande?

Mbio dhidi ya saa ndizo watu wanazidharau zaidi, kwa sababu hazina msukumano wala fujo, ni mtu na njia yake. Lakini ndizo zimepindua mambo makubwa kuliko zote. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho akimzidi LeMond kwa sekunde 50, zikiwa zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris. Akapoteza Tour nzima kwa sekunde 8. Mwaka 2020 Primož Roglič alikuwa na timu iliyotawala kila mlima, na akiba ya sekunde 57 juu ya kijana wa nchi yake, Tadej Pogačar. Hatua ya 20 ilikuwa kilomita 36.2 dhidi ya saa, zikiishia juu ya La Planche des Belles Filles. Magazeti mengi yalishamwandika Roglič bingwa. Jioni ile Pogačar alimpiga kwa dakika 1 na sekunde 56, akashinda Tour kwa sekunde 59. Na kumbuka, wiki ya kwanza Pogačar alikuwa ameachwa kwenye upepo njiani kuelekea Lavaur na kupoteza dakika 1 na sekunde 21. Mwenye daftari aliyafuatilia yale madeni yakilipwa kidogo kidogo mlimani, na alijua kwamba sekunde 57 kabla ya kilomita 36 dhidi ya saa ni akiba ya kutia wasiwasi. Mwenye mkeka alijua tu kwamba Roglič ana odi ndogo.

Huyu Pogačar nataka nimkalie kidogo, maana ndiye anayetajwa kwenye kila utabiri siku hizi, na ndiye anayeonyesha vizuri utabiri wa haraka unavyopotosha. Mwaka 2022 aliianza hatua ya 11 akiwa na jezi ya njano. Timu ya Jumbo-Visma, ya Vingegaard na Roglič, ikamfanyia kazi kwenye mlima Galibier: Roglič anashambulia, Pogačar anamfuata; akishamfikia, Vingegaard anashambulia; tena na tena, mbali kabisa na mlima wa mwisho. Walipofika Col du Granon, mita 2,413 juu ya usawa wa bahari, miguu ilikuwa imekwisha. Vingegaard alimpiga dakika 2 na sekunde 51 siku ile, na pengo la mwisho kule Paris likawa dakika 2 na sekunde 43. Mwaka uliofuata walikuwa wametenganishwa na sekunde 10 tu baada ya wiki mbili nzima. Kwenye kilomita 22.4 dhidi ya saa kuelekea Combloux, Vingegaard akaongeza dakika 1 na sekunde 38, na kesho yake, kwenye Col de la Loze yenye mita 2,304, Pogačar akapoteza karibu dakika 6 nyingine.

Hapo wachambuzi wengi wakajitungia sheria: huyu bwana ukishampandisha juu ya mita 2,300, kwisha kazi. Mwaka 2025 Loze ikarudi, safari hii ikiwa mwisho wa hatua ya 18. Pogačar akapanda mpaka juu, akamwacha Vingegaard kwa sekunde chache, na siku tatu baadaye akawa Paris na Tour yake ya nne.

Sheria ile ilihesabu urefu wa mlima ikasahau mwili wa mtu na timu yake. Mwaka 2022 wenzake wawili walikuwa wameshaondolewa na Korona kabla ya Galibier, akabaki anajibu mashambulizi ya watu wawili peke yake. Mwaka 2023 alikuwa amevunjika kifundo cha mkono kwenye mbio za Liège–Bastogne–Liège mwezi Aprili, na maandalizi yake yakakatika. Hizo ni habari za Aprili, Mhariri. Huku kwetu Aprili hakuna gazeti linaloandika baiskeli, ndiyo maana Julai inatukuta hatujui chochote. Mwaka 2024 ilikuwa vilevile kwa upande wa pili: Vingegaard alianguka vibaya mwezi Aprili kwenye mbio za Nchi ya Basque, akavunjika mtulinga na mbavu na pafu likaumia. Kumaliza wa pili Tour ile, dakika 6 na sekunde 17 nyuma ya Pogačar, ni jambo kubwa sana kwa mtu aliyetoka hospitali. Kama hukuijua habari ya Aprili, unamwona tu ameshindwa, na mwaka unaofuata unamtabiria vibaya.

Sasa nije kwenye timu, ambako naona ndiko kiini. Tarehe 31 Mei 2025, hatua ya 20 ya Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, nilichukua kipande cha plaiwudi nikachora kwa chaki njia ya siku hiyo na kukiegemeza kwenye nguzo ya banda. Colle delle Finestre: kilomita 18 na ushee za kupanda, mwinuko wa wastani asilimia 9, na sehemu ya juu yote ni changarawe. Halafu mteremko, bonde, na kupanda tena kidogo hadi Sestriere. Jezi ya waridi, ambayo kwenye Giro ndiyo ya anayeongoza, alikuwa nayo kijana wa Mexico, Isaac del Toro, umri miaka 21. Nyuma yake Richard Carapaz kwa sekunde 43, kisha Simon Yates kwa dakika 1 na sekunde 21. Kijana mmoja wa kijiweni alikuwa ameweka hela kwa del Toro, na alikuwa na furaha kweli, kwa sababu imebaki siku moja ya milima na mtu wake yuko mbele.

Nilimwonyesha kwa kidole mahali pa kuangalia: kikundi kilichochomoka mapema asubuhi. Ndani yake alikuwemo Wout van Aert, wa timu moja na Yates. Mtu mzito kama van Aert hatumwi mbele siku ya Finestre ili ashinde hatua. Anatumwa akasubiri. Nikaweka alama ya chaki bondeni, kati ya mteremko wa Finestre na kipando cha Sestriere, nikawaambia kwamba pale ndipo atakapotumika.

Mlimani Yates akaondoka. Del Toro na Carapaz wakabaki wanatazamana, kila mmoja hataki kumvuta mwenzake, na pengo likakua mbele ya macho yao. Yates alipofika bondeni akamkuta van Aert, naye akajitoa mwili na roho kumkinga upepo hadi chini ya Sestriere. Giro ikawa ya Yates, akimzidi del Toro kwa dakika 3 na sekunde 56. Kilichonigusa zaidi ni mlima wenyewe. Mwaka 2018 huyu huyu Yates alikuwa na jezi ya waridi, akazimika hatua ile iliyopita Finestre na kupoteza zaidi ya nusu saa. Siku hiyo hiyo Froome, aliyekuwa wa nne na dakika 3 na sekunde 22 nyuma, alichomoka peke yake kilomita 80 kutoka mwisho akaichukua Giro. Mtu aliyekuwa na kumbukumbu hiyo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba Finestre haimheshimu mwenye jezi.

Yule kijana aliweka hela aliyokuwa ameitafuta kwa ajili ya kununua ringi mbili za baiskeli anayobebea maji. Sikumcheka na sitaki mtu amcheke. Alisoma alichopewa asome.

Najua wapo watakaosema odi nazo ni utabiri, tena wa wataalamu. Odi inakuonyesha hela za watu zimeelekea wapi, na ndani yake kuna faida ya kampuni. Haikuonyeshi van Aert amekaa wapi. Mwaka 2023 timu ya Jumbo-Visma ilikwenda Vuelta ya Hispania na Roglič, bingwa wa Giro ya mwaka huo, na Vingegaard, bingwa wa Tour. Aliyeshinda ni Sepp Kuss, msaidizi wao wote wawili. Alichomoka na kikundi kwenye hatua ya 6, akapata akiba ya dakika, na mabingwa wake wakamaliza nyuma yake: Vingegaard sekunde 17, Roglič dakika 1 na sekunde 8. Kwenye mikeka mingi jina la Kuss halikuwepo hata ukurasa wa pili. Kwenye daftari lilitakiwa liwe pale siku ileile ya hatua ya 6, kwa sababu mpanda milima mzuri akishapewa dakika kadhaa za bure, huwezi tena kumwita msaidizi.

Na jezi ya njano siyo peke yake ya kutabiriwa. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu, ya kwanza Torino, akaondoka na jezi ya kijani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Jezi hiyo ni ya pointi, na hatua tambarare ndizo zenye pointi nyingi kwa mshindi. Ukihesabu tambarare ziko ngapi na nani anamaliza kwa kasi bila kutupwa na vilima vidogo, Girmay hakuwa ndoto. Barani kwetu habari ile ilistahili ukurasa mzima kila siku, tangu Torino hadi mwisho kule Nice.

Tena hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza. Ukitoka hapa ukapita Kahama na Ngara unafika Rusumo, na upande wa pili kila Februari wanakimbia Tour du Rwanda. Kuanzia 2014 hadi 2018 ilishindwa na Wanyarwanda watupu: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja, zikaanza kuja timu kubwa zaidi. Tangu hapo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda. Waeritrea peke yao wamechukua nne. Lakini kila mwaka nasikia watu wakimtabiria mwenyeji kwa kuangalia orodha ya zamani. Orodha ile ni ya mbio za daraja lingine. Halafu kuna jambo la hali ya hewa: mwaka 2025 hatua ya mwisho, ya Kigali, ilisitishwa kwa mvua kubwa, na Fabien Doubey wa Ufaransa akabaki na jezi aliyoingia nayo. Yeyote aliyekuwa amepanga kupindua matokeo siku ya mwisho hakupata nafasi. Februari na milima ya Rwanda mvua ni sehemu ya hesabu.

Sisemi kwamba daftari linajua kila kitu. Mwaka 2014 Froome alianguka na kutoka kwenye hatua ya 5, mpinzani wake Alberto Contador akavunjika mguu hatua ya 10, na Vincenzo Nibali akashinda kwa zaidi ya dakika 7. Hakuna aliyeandika hayo mapema. Ndiyo maana utabiri wa mbio za hatua hauandikwi mara moja ukaachwa. Unafanyiwa marekebisho kila jioni, kwa sababu kila jioni muda umebadilika na watu wamepungua.

Ombi langu ni la mwaka huu. Tour ya 2026 imepangwa kuanza Barcelona tarehe 4 Julai kwa mbio za timu dhidi ya saa, na mlima Alpe d'Huez umewekwa siku mbili mfululizo karibu na mwisho. Hapo tayari pana mazungumzo. Mwenye timu dhaifu ataamka siku ya pili akiwa na deni la sekunde, atalazimika kushambulia mapema, na anayeshambulia mapema anaweza kufika Alpe d'Huez ya pili akiwa mtupu. Pogačar anatafuta ya tano, awafikie Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain walioshinda mara tano, na najua kichwa cha habari kitaandikwa kutokana na hiyo hadithi. Mimi jina langu nitaliandika siku orodha za watu wanane wanane zitakapotoka, nikishajua nani anakwenda na van Aert na nani anakwenda na Pogačar.

Nawaomba mchapishe ramani ya hatua zote, hata iwe ndogo, ikionyesha milima inayoishia kileleni na kilomita za dhidi ya saa. Siku mbili za mapumziko mtupe jedwali la watu kumi wa kwanza kwa dakika na sekunde, na majina ya waliotoka na sababu yake. Kuandika "wa kwanza, wa pili, wa tatu" hakutusaidii, kwani kati ya wa kwanza na wa pili panaweza kuwa na sekunde 8 au dakika 8. Nafasi ikiwa finyu, odi ziondolewe, ramani ikae.

Plaiwudi ipo na chaki nimenunua. Mkiichapisha hiyo ramani, nitaibandika pale pale bandani, wasiokuwa na hela ya gazeti nao waisome.

Wako msomaji,
Fundi baiskeli,
Shinyanga Mjini